Maji ya Ofisini

Barua yenu nimeipata, wanangu. Mmeipiga vizuri kwa kompyuta, na mmenitaka mimi Veneranda, mstaafu wa kituo chenu cha utafiti wa samaki, niwaandikie kurasa chache za kitabu cha kumbukumbu mnachokiandaa. Mmesema nieleze "mafanikio na changamoto." Hilo neno changamoto nalijua. Ni neno la kutaja kosa bila kumtaja aliyelifanya. Mimi nitaandika kosa na nitamtaja mwenyewe. Mkiona halifai kuingia kwenye kitabu chenu cha picha za rangi, nirudishieni karatasi zangu hapa Buswelu, nina kuku wanaotaga na karatasi za kufungia mayai zimeniishia.

Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya ziwa na kuhesabu samaki. Nilianza nikiwa msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne, nikaacha miguu ilipoanza kuvimba kwa kukaa botini. Kila wiki tulikwenda mahali pale pale kwenye ghuba, tukashusha chupa hadi chini kabisa, tukaipandisha, nikasoma joto la maji na kuandika. Kisha tulivuta wavu, tukamwaga samaki kwenye beseni, nikawachambua na kuandika. Basi. Watu wa mtaa wa Igogo waliokuwa wakiniona napita na buti za mpira na daftari kwapani walidhani mimi ni bibi afya, na kuna nyumba walikuwa wakifagia choo haraka haraka wakiniona.

Siku ya kwanza boti nusura isiondoke. Wakati ule watu wengi wa ziwani waliamini kwamba mwanamke akipanda chombo, samaki wanakimbia. Vijana wawili wa botini wakashuka, wakasimama ufukweni na mikono nyuma. Nahodha wetu alikuwa mzee mmoja wa Kijita aliyeitwa Magesa. Akawatazama, akanitazama mimi, akawaambia, "Huyu si mwanamke. Ni mtumishi wa serikali." Wakapanda. Mpaka leo sijajua kama siku ile nilitetewa au nilitukanwa.

Mzee Magesa ndiye aliyenifundisha kazi. Shule aliishia darasa la nne, lakini hakuna msomi aliyepita pale kituoni akawajua furu kama yeye. Ninyi mliokulia mjini mnawajua furu kama mafungu sokoni, visamaki vya kidole au vya kiganja vilivyochanganywa humo humo, na jina lao ni moja, furu. Mzee Magesa angewasikia angewacheka. Yeye alikuwa na jina kwa kila mmoja. Yule mwenye weupe shingoni alimwita Padri. Mwenye mdomo mwembamba uliochongoka, Fundi Cherehani. Yule mweusi tii aliyekaa kwenye kina, peke yake, asiyeonekana na wenzake, huyo alikuwa Mjane. "Usimtazame rangi kwanza," alinifundisha, "rangi anaibadili kama nguo. Mtazame uso, halafu mfunue mdomo kwa ukucha umtazame meno. Meno ndiyo yanakwambia anafanya kazi gani." Mwenye meno bapa anavunja konokono. Mwenye meno kama msasa anakwangua mawe. Kila mmoja na riziki yake na chumba chake ziwani, na hakuna aliyeingia cha mwenzake.

Nisiwadanganye kwamba nililikuta ziwa likiwa bikira. Nilipoanza kazi sangara alikuwa ameshakula furu wengi kuliko hao waliobaki, na kuna majina Mzee Magesa aliyataja kama mtu anayetaja marehemu. Lakini waliobaki walikuwa bado wengi wa kumchosha mtu kuandika, na hilo la kuchosha ndilo lililotuponza. Mwaka mmoja fomu mpya zikaletwa. Ile ya zamani ilikuwa na mistari ya kila aina ya furu. Hii mpya ilikuwa safi, imepigwa chapa, na furu walipewa mstari mmoja: "Furu (wote)." Nilifurahi, nisiwafiche. Nilikuwa nafika nyumbani mapema. Mzee Magesa aliishika ile fomu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna mistari mingine, akanirudishia. Kuanzia hapo Padri angeweza kufa hadi wa mwisho na kwenye madaftari yetu asipungue hata mmoja, ili mradi furu wengine wajaze beseni.

Sasa niwaeleze kuhusu joto, maana ndiko ninakokwenda.

Kupima joto la maji ya kina ni kazi rahisi ambayo karibu kila mtu anaikosea. Unashusha chupa kwa kamba yenye mafundo, kila fundo pima moja. Ikifika chini unaachia kipande cha risasi kinateleza kwenye kamba na kuifunga. Unaipandisha haraka, unaigeukia na mgongo wako ukiwa juani ili kivuli chako kiifunike, unasoma. Na mnaposoma, wanangu, anzeni na sehemu ndogo. Nyuzi nzima za joto zitakusubiri, lakini zile sehemu za uzi hubadilika ukiwa bado unatafuta kalamu. Mzee Magesa hakuwa akisoma kipimajoto, ila hilo ndilo alilonifundisha, kwa kuwa alikuwa amewatazama wasomi kumi wakilikosea.

Mwaka wangu wa kwanza nililikosea pia. Niliinua chupa nikaisoma juani, nikistaajabu na kupiga soga. Fomu ikarudi kutoka ofisini na neno moja la wino mwekundu: "Rudia." Mkuu wa kitengo aliniita akanionyesha juu ya fomu palipochapwa kiwango cha kawaida, kutoka hapa mpaka hapa, akaniambia namba yangu iko nje. Tulirudia, nikapima kivulini, namba ikaingia ndani ya kiwango. Mzee Magesa akasema, "Wiki iliyopita ulipima jua, leo umepima ziwa." Walinicheka boti nzima. Niliona aibu hadi machozi, na aibu ile ikakaa. Tangu siku hiyo, kila nilipoona namba kubwa nilijua kosa ni langu.

Miaka ikaenda. Namba kubwa zikaanza kuja nikiwa nimepima kivulini, nimesoma haraka, nimeanza na sehemu ndogo. Fomu ikarudi: "Rudia." Nikarudia, nikapata ile ile. "Rudia." Nikabadili kipimajoto, nikapata ile ile. "Rudia." Safari ya tatu hapakuwa na mafuta ya boti, na fomu ilitakiwa kufungwa mwisho wa mwezi. Mwenzangu wa ofisini, mtu mwema tu, akaniambia kwa upole kwamba niiweke sawa. Ndilo neno tulilotumia. Hakuna aliyesema ongopa, wala aliyesema buni. Kuweka sawa. Nikaiweka sawa. Nilichukua namba nikairudisha ndani ya kiwango, kidogo tu, sehemu chache za uzi, na fomu ikapita bila wino mwekundu.

Mnajua ilivyo dhambi ya aina hiyo, mara ya kwanza unaandika huku unatazama mlango, mara ya kumi unaandika huku unatafuna muhogo. Nikawa siisubiri hata fomu irudi. Naisoma chupa, naona namba imezidi, naandika iliyo sawa, na siku nyingine naandika hata kabla ya kuisoma.

Siku moja Mzee Magesa alikuwa ameketi nyuma yangu. Namba za kipimajoto hakuzijua, lakini za kwenye daftari alizijua, na alikuwa ameniona naandika kabla sijaisoma chupa. Akauliza, "Hayo unayoandika ni maji gani, binti? Siyo haya tuliyochota."

Nikamjibu, "Ni maji ya ofisini, mzee."

Vijana wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye aliyamwaga maji ya chupa kwenye kiganja, akayanusa, akanawia uso. Hiyo ilikuwa desturi yake. Kisha akasema alichokuwa akikisema mara nyingi zaidi kila mwaka: "Maji yamerara." Alitaka kusema yamelala, ila ulimi wake wa Kijita haukuwa na muda na herufi el. Sisi wote tukalichukua hivyo hivyo, likawa neno la boti.

Nilipostaafu ndipo nilipokaa nikaelewa alichokuwa akikinusa, na nitawaeleza kwa lugha yangu. Maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu. Ya baridi yanakaa chini. Zamani kiangazi kilikuja na upepo wake, ukalivuruga ziwa lote, ya juu yakashuka, ya chini yakapanda, na hewa ikafika hadi kwa Mjane huko chini kizani. Lakini dunia ilipozidi kupata joto, maji ya juu yakazidi kupashwa mwaka hadi mwaka, yakawa mepesi zaidi, yakagoma kuchanganyika. Ya chini yakabaki pale pale, viumbe wa chini wakavuta hewa yake mpaka ikaisha, na takataka za mji na mbolea za mashamba zikaoza huko na kumaliza iliyosalia. Hayo ndiyo maji yaliyolala. Ukiyanusa yana harufu ya yai viza. Joto nalo lilipenya taratibu hadi huko chini, ila tofauti yake kwenye kipimajoto haikuwa kubwa. Ilikuwa ni zile zile sehemu chache za uzi nilizokuwa nikizifuta.

Na samaki walituambia. Mjane tulikuwa tukimpata kwenye fundo la mwisho la kamba. Baadaye tukampata juu zaidi, halafu juu zaidi, mpaka akawa anaingia kwenye wavu karibu na mawe ya pwani, mahali pa mwanga, penye sangara wadogo na nyavu za kila mtu, amekodoa macho yake makubwa ya gizani. Wavu wa chini ukapanda na tope tupu. Mimi niliandika: "Furu (wote): wa kutosha." Kwa sababu Mjane aliyehama kwa kukosa hewa na Mjane aliyeko kwake wote ni furu mmoja kwenye fomu.

Hata ningu nilimwandika hivyo hivyo. Ningu hupanda mto mvua zikianza, akiwa na mayai tele tumboni. Mwaka mmoja mvua ilikuja si wakati wake, ikanyesha siku chache kwa hasira, ningu wakapanda, na mvua ikakata. Mto ukashuka wakiwa juu. Tuliwaokota kwenye vidimbwi kwa mikono, mayai yakimwagika kwenye matope, na kwa kuwa wote walikuwa mahali pamoja, hesabu ilikuwa kubwa. Kafungueni daftari la mwaka ule. Mtaona nimeandika kwa mwandiko mzuri: "Ningu: wengi sana." Sijapata kuandika uongo kwa namba ya kweli kama siku ile.

Kulikuwa na mvuvi mmoja kwenye mwalo wetu, pale boti zinaposhusha samaki, aliyeitwa Bwire. Wavuvi wengine walituona sisi wa kituoni kama wapelelezi. Bwire alitupenda. Akimpata furu asiyemfahamu alimweka kwenye kopo la maji na kumleta kituoni akiwa hai, akauliza jina lake. Mjane wa mwisho niliyemshika mkononi aliletwa na Bwire. Nilimwambia huyo ni Mjane, akasema, "Basi nimrudishe, asije akaacha watoto," akatoka na kopo lake hadi majini. Alikuwa mtu wa maneno machache na mwenye kuwahi. Boti yake ndiyo iliyokuwa ikitangulia kutoka kila asubuhi.

Kuwahi kwake ndiko kulikomponza. Ulikuja msimu wa joto kali, ziwa likatulia kama uji uliopoa, wiki na wiki. Halafu ghafla ukavuma upepo mkali siku tatu mfululizo. Asubuhi ya siku ya nne Bwire alitoka kama kawaida yake, na kabla jua halijapanda akarudi na boti imejaa sangara waliokufa. Sangara wakubwa, wanene, matamvua wazi. Alikuwa amewakuta wanaelea ghuba nzima. Akawapakia awaonyeshe watu wasiwale, na akatuma mtu kutuita sisi wa kituoni. Tulipofika tulikuta mawimbi yanasukuma ufukweni samaki wa kila aina, sato, gogogo, na furu wengi kwa maelfu, wakiwamo weusi wa kina ambao nilidhani wamekwisha. Mjane walikuwako bado, kumbe. Niliwajua siku waliyokufa wote. Na maji yalinuka yai viza.

Maji ya chini yalikuwa yamepanda. Upepo uliyasukuma yale maji yasiyo na hewa yakawafunika samaki. Ningemsikia Mzee Magesa akilitaja neno lake, lakini alikuwa ameshazikwa kwao Majita mwaka mmoja kabla. Vijana wa zamani wa botini walikuwa wameshaacha kazi, na katika watu wote waliosimama pale mwaloni, aliyekuwa akilijua neno lile nilikuwa mimi.

Watu walisema sumu. Samaki wengi wakifa pamoja, mwaloni neno ni moja, kuna mtu ametia sumu. Na nani alikuwa majini wa kwanza, na boti ya nani ilijaa? Ikaundwa kamati. Kamati ikatutaka tuseme kama maji yalikuwa na mabadiliko yoyote kabla ya samaki kufa. Mkuu wetu akachukua daftari langu, akalifungua mbele yao, akasoma wiki baada ya wiki. Yote yalikuwa ndani ya kiwango. Maji mazuri, maji ya kawaida, yasiyo na sababu ya kuua hata dagaa.

Bwire alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Aliponiona nimeingia alinitabasamia. Alidhani shahidi wake amekuja.

Mwenyekiti aliniuliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikasema ni wangu. Akaniuliza, "Kwa hiyo, mama, maji yalikuwa ya kawaida?"

Nikasema, "Ni kama ilivyoandikwa."

Maneno matatu. Sikusema ndiyo, nilijiona mjanja. Nilikuwa na watoto shuleni, nilikuwa mjane mimi mwenyewe wakati huo, na nilijua nikisema namba zile niliziweka sawa, ajira imekwisha siku hiyo hiyo. Hilo si la kunitetea, nawaeleza tu nilichokiogopa. Bwire aliacha kutabasamu, lakini hakuondoa macho. Aliendelea kunitazama kama mtu anayesubiri umalizie sentensi.

Nyavu zake zilichomwa moto pale pale mwaloni, boti ikachukuliwa, yeye akawekwa mahabusu. Miezi ikapita, samaki waliopelekwa kupimwa hawakuonyesha sumu yoyote, akaachiwa bila mtu kumwambia pole. Lakini jina lilikuwa limeshashika. Bwire Sumu. Mke wake akienda kisimani wenzake walifunika ndoo. Mwaka uliofuata samaki walikufa tena vile vile, upepo baada ya joto, na Bwire hakuwa na hata ndoana. Mnadhani watu walijiuliza? Walisema ameacha wanafunzi.

Akahama mwalo. Mimi nikapandishwa cheo.

Nilistaafu nikapewa cheti na kitenge, na hotuba ikasomwa kuhusu umakini wangu. Ilisemwa kwamba katika miaka yangu yote ya mwisho hakuna fomu yangu hata moja iliyorudishwa. Watu wakapiga makofi, na mimi nikainama kushukuru.

Sasa, mwaka huu, akaja binti mmoja hapa kwangu anaitwa Neema. Ninyi mnamjua, yuko nanyi, amechukua nafasi niliyokuwa nayo. Aliniamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda ninachokalia nikilisha kuku, akafungua kompyuta yake juu ya mapaja. Akanionyesha mchoro. Kulikuwa na mstari mrefu ulionyooka, miaka na miaka, hizo zilikuwa namba zangu. Kisha mstari unaruka juu ghafla, hizo ni namba za kifaa chake kipya. Akacheka kwa adabu akasema, "Mama, kwa mujibu wa madaftari, ziwa limepata joto mwezi uliostaafu."

Nikacheka naye. Kisha akaacha kucheka, akasema kilichomleta. Ofisini wamemwambia kifaa chake kina hitilafu, maana kumbukumbu za Mama Veneranda ndizo ndefu na ndizo safi kuliko zote walizonazo. Wamemwambia akiweke sawa kifuate madaftari. Alikuja kuniuliza mimi, niliyepima kwa mikono, kama kweli kifaa chake kinadanganya.

Wanangu, nilikuwa nimejiandaa kufa na jambo lile. Nilikuwa nimelifungia, na sikuwa na mpango wa kumfungulia mtu. Lakini nilipolisikia lile neno kwenye mdomo wa binti mdogo kiasi kile, kuweka sawa, lililovuka ofisi na miaka likanifuata hadi uani kwangu, nililifungua.

Nikamwambia, "Kifaa chako ni kizima. Mbovu ni mimi."

Nilimweleza yote. Hakunilaumu, ingekuwa afadhali. Aliuliza tu swali la kazi, ni kurasa zipi za kweli na zipi nilizoziweka sawa. Akanifungulia picha za madaftari moja moja. Ule mwandiko wangu, mzuri, ulionyooka, wote umefanana. Miaka ya kwanza nilimwambia ni ya kweli. Baada ya hapo nilitazama ukurasa hadi ukurasa, na sikuweza kusema. Sikuwa nimeweka alama. Mtu anayedanganya kwa hofu hawezi kuweka alama.

"Kwa hiyo hatujui joto lilianza lini kushika huko chini," Neema akasema.

"Hatujui."

"Na hao furu mnaowataja kwa majina. Hatujui nani aliondoka lini."

Alifunga kompyuta, akanishukuru, akaniomba radhi kwa kunisumbua. Hebu fikirieni, yeye ndiye aliyeomba radhi. Ziwa lilituambia kila wiki kwamba linaugua, lilituambia kwa namba na kwa samaki na kwa harufu, na aliyeajiriwa kulisikiliza alikuwa akiliandikia majibu ya mtu asiyeumwa. Hayo maji ya wiki zile hayachoteki tena. Hakuna kurudia.

Juma lile lile nilikwenda Buzuruga. Nilikuwa nimesikia Bwire yuko karibu na stendi, anaziba pancha za baiskeli na bodaboda. Nilimkuta amechuchumaa, ameuzamisha mpira kwenye karai la maji anatafuta tundu. Ndevu zimekuwa nyeupe. Aliniona viatu kwanza, kisha akainua uso, akanijua mara moja, akanivutia ndoo niikalie. Nikamwambia niliyomwambia Neema, tangu ile namba ya kwanza niliyoiweka sawa hadi yale maneno matatu. Yeye aliendelea kuushika mpira ndani ya maji, na vipovu vilikuwa vikipanda pale penye tundu, akavitazama vikipanda.

Nilimaliza. Wateja wawili walikuja wakaambiwa wasubiri. Kisha akaniuliza, "Dada Vene, hayo umeyaandika, au umekuja kuyasema tu?"

Nikasema nilitaka kumwambia yeye kwanza.

"Mimi sikumalizwa na maneno," akasema. "Nilimalizwa na daftari. Kaandike."

Akautoa mpira majini, akaufuta kwa kitambaa, akaanza kuukwangua pale penye tundu. Hakunifukuza, ila hakunitazama tena. Nilikaa kidogo kwenye ile ndoo, nikaondoka.

Nilirudi nyumbani nikaikuta barua yenu ya mafanikio na changamoto mezani. Ndiyo maana mmepata kurasa hizi. Sina ushauri mwingi. Namba ikizidi kiwango, acheni izidi, na wino mwekundu uje. Msimpe samaki yeyote jina la wote. Na kama kitabu chenu hakina nafasi, kateni haya yote ya juu, bakizeni haya ya mwisho, nimeyaandika kama nilivyofundishwa kujaza fomu:

Mahali: kwenye ghuba, fundo la mwisho la kamba.
Joto la maji: lilizidi. Kiasi chake mpimaji alikifuta.
Hewa: hapakuwa.
Samaki: walikufa kwa kukosa hewa. Padri, Fundi Cherehani, Mjane, na wengine ambao majina yao alikuwa nayo Mzee Magesa.
Bwire: hakutia sumu.
Aliyepima na kuandika: Veneranda.